Kiti cha Mikono

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya meza moja ndefu akipiga pasi nguo za watu: za makarani, za walimu, za maharusi, hata za marehemu ambao jamaa zao walitaka wazikwe nadhifu. Alikula amesimama, aligombana na wateja amesimama, na watoto wake watatu walijifunza kutembea wakishikilia miguu ya meza ile. Kwa hiyo siku kiharusi kilipomwangusha, pasi mkononi, shati la mteja likiungua begani, watu hawakusema Mama Pasi anaumwa. Walisema Mama Pasi amekaa chini. Hilo ndilo lililowatisha.

Kilimchukua upande wa kushoto. Uso ulirudi sawa baada ya wiki mbili. Ulimi haukuguswa kabisa, na wenye maneno yao walisema hata kiharusi kiliuogopa ulimi ule. Lakini mkono wa kushoto ulining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na mguu ulikuwepo tu. Ukiubana anasikia. Ukimwambia auinue, anautazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyekataa kutumwa.

Wa kumwangalia alikuwa binti yake wa katikati. Huyu alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la miwani: alikata vioo, akavisaga kingo, akavipachika kwenye fremu bila kuacha hata alama ya kidole. Mtaani walimwita Fundi Miwani, ingawa yeye mwenyewe aliona vizuri na hakuwahi kuvaa hata moja. Aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake na sanduku moja, akasema anakaa mwezi. Mwezi huo ulikuwa sasa na miaka tisa.

Alikuwa na ndugu wawili wa kiume. Kaka Mkubwa aliuza saruji na mabati. Mdogo wao alikuwa fundi rangi, kitindamimba wa nyumba, na hata sasa na ndevu zake zote waliendelea kumwita Kitinda. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani. Kitinda aliwahi kuchukua pikapu ya kaka yake bila kuomba, akaiangusha mtaroni, akairudisha ikivutwa na gari lingine. Kaka Mkubwa naye, badala ya kumaliza mambo nyumbani, akampeleka polisi, Kitinda akalala ndani siku mbili. Ikapita miaka sita hawajapeana mkono. Wakikutana msibani, huyu anakaa mwanzo wa turubai na yule mwisho wake. Wakiwa na la kuambiana, walimpa mama alipeleke, na mama akalipeleka hapa na pale kama posta, akiwa amelipunguza makali njiani.

Kiharusi kiliwaleta wote wawili. Walikuja kwa zamu ili wasikutane, Fundi Miwani ndiye aliyewapangia.

Mtaalamu wa viungo alianza kuja nyumbani wiki ya tatu, Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana na subira ya mtu aliyefuga punda. Mama Pasi alimpachika jina siku ile ile, maana kila alichosema kiliishia mahali pamoja: nyoosha goti, nyoosha mgongo, sukuma kisigino, nyoosha.

"Nimenyoosha mashati ya mji huu miaka arobaini kasoro," Mama Pasi alimwambia, "leo mtu anatumwa kuja kuninyoosha mimi. Haya Bwana Nyoosha, usiniunguze tu."

Alimfundisha kuinua nyonga akiwa amelala chali. Alimfundisha kuuvuta unyayo kwa taulo, taulo limezungushwa kwenye vidole, ncha zake mkononi, mpaka nyuma ya mguu kuwake moto. Alimfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama, kukaa na kusimama, mara kumi, huku uzito ukienda upande mgonjwa ambao mwili wote ulikuwa unaukwepa. Na siku ambazo hakuwepo, kazi ile ilikuwa ya Fundi Miwani, kabla ya kwenda dukani na baada ya kurudi. Alishika kisigino cha mama yake kiganjani, akausukuma unyayo kuelekea goti, akahesabu mpaka thelathini. Mikono iliyozoea vioo ikajifunza uzito wa mguu.

Kulikuwa na tatizo la ngazi. Chumba cha mama kilikuwa juu ya sebule kwa ngazi tatu za saruji, na kiti cha magurudumu walichoazimwa hakikuweza kuzishuka. Jumamosi moja zamu zikagongana. Kaka Mkubwa alifika mapema, Kitinda alichelewa kuondoka, na Bwana Nyoosha alikuwa amepita kuuangalia mguu. Mama akasema amechoka kula kitandani kama mzazi aliyejifungua jana; anataka kula mezani.

"Mko wawili wenye nguvu," Bwana Nyoosha akawaambia, asijue lolote la pikapu. "Tengenezeni kiti cha mikono. Kila mtu ashike kifundo cha mkono wake mwenyewe, halafu cha mwenzake."

Ndugu wale walitazamana. Fundi Miwani akasimama, sahani mkononi. Kisha Kitinda akanyoosha mkono. Kaka Mkubwa akaushika. Wakainama, mama akaikalia mikono ile minne, mkono wake mzima shingoni kwa mmoja, ule mgonjwa ukawekwa begani kwa mwingine, na vichwa vya wanawe vikakaribiana nyuma ya kisogo chake mpaka masikio yakagusana.

"Shika vizuri," Kaka Mkubwa alisema.

"Nimeshika."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka sita. Ngazi tatu zile walizishuka polepole kama wabeba kioo, na walipomweka kitini Mama Pasi alikuwa analia. Wote wakadhani ni mguu.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yao. Zamu zikafa. Walikuja wote wawili saa sita mchana, wakambeba kushuka, wakala, wakambeba kupanda. Mwezi wa pili walikuwa wanataniana. Kitinda alisema kaka yake amenenepa kwa kula faida ya saruji. Kaka Mkubwa alisema afadhali saruji, kuliko mtu anayepaka rangi kuta za wenzake na yake ina ukungu. Fundi Miwani alipika, akapakua, akaosha vyombo, akasikiliza kicheko kutoka jikoni, na kwa kweli alifurahi.

Wiki ya nane mama alitembea. Ilikuwa Alhamisi. Bwana Nyoosha alikuwa mbele yake akirudi nyuma, Fundi Miwani ubavuni, na Mama Pasi akiwa na fimbo ya miguu minne mkono wa kulia akapiga hatua nne mpaka kwenye kabati. Za kuyumba na mbaya, lakini nne. Fundi Miwani aliruka kama mtoto. Akampigia simu Kaka Mkubwa pale pale, akaweka sauti kubwa ili mama asikie.

"Ametembea! Hatua nne!"

"Weee! Basi amepona huyo," Kaka Mkubwa alisema. "Afadhali, maana Jumamosi hii nina mzigo unaingia. Nitapita wiki nyingine, au ile ya baadaye."

Jumamosi ile hakuja. Kitinda alikuja peke yake, akaona hakuna wa kumsaidia kubeba, akanywa maji amesimama, akasema mama naona uko vizuri, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata mguu ulikufa.

Fundi Miwani hakuliunganisha hili na lile, na nani angeunganisha? Mama alisema tu hausikii. Aliposimamishwa alimwagika. Bwana Nyoosha alimpima, akakuna kichwa, akawapeleka hospitali kwa hofu kwamba pengine kimempiga kiharusi kingine. Vipimo havikuonyesha kitu. Kaka Mkubwa aliacha mzigo wake na kuja mbio, Kitinda akaja na rangi bado nyweleni, na Jumamosi ile walimbeba mama yao kwa uangalifu kuliko wakati wowote.

Sasa, wakati hatua zile nne zilipopigwa, mwenye duka la miwani alikuwa ameshamwita Fundi Miwani pembeni. Alikuwa anafungua duka la pili, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Alitaka mtu wa kulisimamia. Si wa kusaga vioo tu, bali wa kuwa na funguo. Fundi Miwani aliomba muda amtazame mama. Siku ya kabati alirudi kazini akasema atakwenda. Alinunua hata mfuko wa safari, wa buluu, akauweka juu ya kabati. Mguu ulipokufa, akarudi kwa mwenye duka kusema hawezi. Mwenye duka alisubiri wiki tatu nyingine kwa heshima ya miaka kumi na mmoja ya kazi yake, kisha funguo akampa mwanamke mwingine wa pale dukani, ambaye Fundi Miwani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kioo. Walimwandalia mwanamke huyo soda za kumuaga. Fundi Miwani alikunywa ya kwake, akarudi nyumbani kukishika kisigino cha mama yake na kuhesabu mpaka thelathini.

Kwa maana mama alikuwa amechoka na mazoezi. Taulo alilitupa. Kiatu cha plastiki cha kushikilia kifundo alisema kinambana, akakivua kila binti alipogeuza mgongo. Bwana Nyoosha alimwambia waziwazi, "Mama, miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuvuna. Ikipita tutabaki kuokota punje."

"Niokotee wewe," Mama Pasi alijibu, akageukia ukutani.

Alhamisi moja, Bwana Nyoosha akivaa viatu mlangoni, alimwambia Fundi Miwani kwa sauti ya chini, "Ule mguu nikiushika una nguvu. Haunipi, lakini unazo. Sielewi."

Fundi Miwani naye hakuelewa, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa tano.

Alikuwa ametoka mara moja kununua mafuta ya kupikia. Alirudi kwa mlango wa nyuma, akavua viatu kwa sababu alikuwa amepiga deki kabla ya kutoka, akapita kwenye ujia bila kishindo. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Kitanda kilikuwa kitupu.

Mama Pasi alikuwa amesimama dirishani. Mkono wake mzima umeshika nondo, shingo ameivuta, anatazama barabara. Pikapu ilipiga honi kule kwenye kona. Akageuka haraka, akarudi kitandani bila fimbo. Kisigino cha kushoto hakikugusa chini. Alikanyagia vidole, akaurusha mguu kwa nguvu za nyonga, ukachora nusu duara hewani, ukatua. Tena. Tena. Hatua saba. Akaketi, akalala, akaupandisha mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaupanga juu ya mto na kuulaza unyayo upande, mlegevu, kama mwenye duka anavyopanga bidhaa kwenye kioo ili mteja aione. Akavuta shuka.

Fundi Miwani alirudi nyuma mpaka jikoni. Alisimama na chupa ya mafuta mkononi. Alisikia kaka zake wakiingia, wakipiga kelele za salamu, kisha "Haya, tayari? Moja, mbili," na vishindo vya ngazi tatu.

Alipika. Alipakua. Mezani hakusema neno, na hakuna aliyeona, maana hakuwa msemaji sana siku zote. Aliwatazama wakicheka. Na kwa mara ya kwanza alimtazama mama yake akiwatazama: macho hayakuwa kwenye nyuso zao wala kwenye chakula. Yalikuwa kwenye mikono yao.

Walipoondoka, aliosha vyombo vyote, akavikausha, ndipo akapanda ngazi.

"Umetembea hatua saba," alisema.

Mama Pasi hakukana. Alisema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na fahari isiyoweza kujificha, "Siku nyingine kumi na mbili. Mpaka mlangoni na kurudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kaka yako aliposema nimepona."

"Mama, nilikuwa ninakuogesha. Ninakubeba chooni. Mgongo wangu—" Alishindwa kumaliza. "Nilikataa kazi."

"Najua."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Kazi zitakuja nyingine, mwanangu. Wale wawili niliwaomba miaka sita. Nimetuma wazee, nimetuma majirani, nimelia mbele yao. Haikufaa kitu. Halafu mguu huu mbovu ukawashikanisha mikono siku moja. Ningetembea, wangekuja? Sema wewe, wangekuja? Hatua nne tu, na yule akapata mzigo unaoingia."

Fundi Miwani alijua wasingekuja.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi katika hayo yote niko wapi?"

Mama Pasi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa ukuta uko wapi.

"Wewe? Wewe si upo."

Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya, lingepata mahali pa kujibiwa.

Wiki nzima hawakusemezana zaidi ya maji, dawa, inuka, lala. Fundi Miwani aliendelea kumwogesha, kwa sababu mwili wa mama ni wa mama. Lakini hakumbeba tena kwenda chooni. Alimwekea fimbo kitandani, akaenda kazini. Alipokuwa akirudi jioni alikuta choo kimetumika na fimbo ipo pale pale ilipowekwa, haikuguswa; walikuwa kama watu wawili wanaoshindana nani atasema kwanza.

Jumamosi kaka zake walipoingia na kuanza kukunja mikono ya mashati, alisimama mlangoni mwa chumba.

"Leo hambebi mtu," alisema. "Mama anatembea. Anatembea miezi mitatu sasa."

Kitinda alicheka. Kaka Mkubwa hakucheka.

"Unasema nini, wewe?"

"Muulizeni."

Kaka Mkubwa alikaribia kitanda. "Mama. Unaweza kutembea?"

Fundi Miwani alimtazama mama yake, na moyoni alimwomba. Hakumwomba radhi wala shukrani. Alimwomba neno moja tu.

Mama Pasi aliushika mguu wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. "Ningekuwa naweza," alisema polepole, "ningekuwa nimelala hapa?"

"Sikia, dada," Kaka Mkubwa akageuka, uso umebadilika. "Umechoka, sema umechoka. Hakuna atakayekulaumu. Lakini kumsingizia mama mgonjwa, hiyo ni laana unaitafuta."

"Dada jamani," Kitinda naye akasema, kwa huruma iliyouma kuliko hasira ya mwenzake. "Ungetuambia tu. Tungetafuta njia."

"Njia ipo," Fundi Miwani alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mchukueni. Mmoja wenu ampeleke kwake leo hii."

Kaka Mkubwa alikohoa, akasema nyumba yake ina wapangaji upande wa chini, ngazi nyingi. Kwa Kitinda ndiko kuna sakafu moja. Kitinda akasema kwake ni vyumba viwili na watoto wanne. Mwenye nyumba kubwa anajulikana. Kaka Mkubwa akasema nyumba kubwa haikuja kwa kulala mpaka saa nne asubuhi. Kitinda akauliza nani analala. Kaka Mkubwa akasema, mtu asiyeweza hata kulitunza gari la watu kwa siku moja, mama atamtunzaje? Na hapo pikapu, ile iliyokuwa mtaroni miaka sita, ikavutwa tena mpaka katikati ya chumba.

Walitukanana mbele ya kitanda. Kitinda alitaja polisi, akataja usiku wake wa kwanza ndani, sakafu yake na harufu yake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mama Pasi alikuwa akiita majina yao, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, lakini sauti yake haikuwa na mahali pa kuingilia. Kitinda akatoka wa kwanza. Kaka Mkubwa akafuata baada ya muda, akahakikisha kwanza mwenzake ameshafika kona.

"Umefurahi?" Mama Pasi alimuuliza binti yake.

Fundi Miwani hakufurahi. Alishuka jikoni akala peke yake chakula cha watu wanne, mpaka kikamkinaisha.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu, wala ile ya pili. Jumamosi ya tatu, saa sita mchana, Fundi Miwani alikuwa sebuleni akikunja nguo aliposikia kitu kikiburuzwa juu ya saruji. Aliinua macho. Mama Pasi alikuwa juu ya ngazi, ameshika ukuta, peke yake. Alishuka ya kwanza kwa mguu mzima, akauteremsha mgonjwa. Ya pili. Ya tatu aliikosea kidogo, akayumba, na Fundi Miwani alikuwa ameshasimama kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika. Lakini mama alijishika. Akavuka sebule yote, akafika mlango wa mbele, akaegemea fremu, akatazama barabara.

Mwanga wa mchana ulimpiga mwili wote, na sasa Fundi Miwani aliuona mwendo ule vizuri kuliko siku ya ujia. Kisigino kilikuwa juu, kimevutwa, kama cha mtu aliyevaa kiatu kirefu asichokuwa nacho. Vidole vimejikunja. Nyonga imepanda. Mwili wote ulikuwa umepinda kuuzunguka mguu ule.

"Mama, shusha kisigino," alisema.

"Hakishuki," alisema Mama Pasi, bila kugeuka. "Nimejaribu wiki hii yote. Hakishuki tena."

Bwana Nyoosha alipokuja aliambiwa ukweli wote. Hakuonyesha mshangao. Aliupima mguu kwa muda mrefu, akasukuma unyayo, ukagoma, akausukuma tena.

"Kano la kisigino limefupika," alisema. "Na mama amejifundisha mwenyewe kutembea bila mtu wa kumsahihisha. Mwili umeshaukariri mwendo huu. Ningemfundisha mtu asiyejua kutembea, ingekuwa rahisi kuliko kumsahaulisha huyu anayejua vibaya."

"Atapona?" Fundi Miwani aliuliza.

"Atatembea ndani ya nyumba. Kwa fimbo na kile kiatu cha plastiki, kila siku, siyo siku anayotaka. Hatasimama nyuma ya meza ya pasi." Alimgeukia Mama Pasi. "Ungeniambia, mama. Ningekufichia siri, na mazoezi tungefanya mlango umefungwa."

Mama Pasi aliutazama mlango. Jambo hilo, la kufunga mlango tu, halikuwa limempitia akilini.

Wakaanza upya. Kila asubuhi, kisigino kiganjani, kusukuma, kuhesabu. Sasa ilimuuma Mama Pasi kweli, aliuma meno, na Fundi Miwani hakupunguza. Kuna asubuhi alihesabu mpaka thelathini, na kuna asubuhi alifika arobaini, hamsini, akijua anachofanya, na mama naye akijua, wala hakumwomba aache.

Kaka Mkubwa alipiga simu mara moja. Fundi Miwani alimwambia mama anatembea ndani.

"Si nilisema," Kaka Mkubwa akajibu. "Basi mshukuruni Mungu. Nitapita nikipata nafasi."

Hakuuliza kama dada yake alikuwa amesema kweli siku ile. Kitinda naye hakuuliza.

Miezi miwili baadaye Fundi Miwani alipanga chumba jirani na duka la miwani. Alimlipa jirani mmoja wa mama, mwanamke mtu mzima, awe anachungulia mchana. Jioni moja akaushusha mfuko wa buluu kutoka juu ya kabati, akaupangusa vumbi.

"Unaniacha," Mama Pasi alisema.

"Nitakuja asubuhi kukufanyisha mazoezi, na jioni."

"Na mchana?"

"Mchana una miguu yako."

Mama Pasi aliyameza hayo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu cha plastiki mguuni, mikanda yake ameifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Alisema, kama anayejisemea, "Nilidhani wewe ndiye ambaye sikuwa na haja ya kukushika." Fundi Miwani aliendelea kukunja nguo. Alikuwa ameyasubiri maneno ya namna hiyo miezi mingi, na sasa yalipofika aliona hayana pa kuwekwa. Mfuko ulikuwa umeshajaa.

Hakuacha kuja. Asubuhi na jioni, mvua au jua. Majirani walimsifu mbele ya mama yake, na nyuma yake walisema amemtupa. Funguo za duka lile la mbali hazikurudi kwake. Aliyekabidhiwa alizishika vizuri, na biashara yake ilistawi. Kisigino kilishuka upana wa kidole, kikakomea hapo.

Siku za Jumamosi, yule jirani anasema, Mama Pasi huvaa nguo yake nzuri saa tano na nusu. Hushuka ngazi zake tatu, huvuta kigoda, hukaa mlangoni na fimbo magotini. Pengine hutokea mmoja wa wanawe, leo huyu, mwezi ujao yule. Huketi kidogo, huacha matunda, lakini kwanza huuliza, kabla hata ya kushuka garini au kufunga baiskeli, kama mwenzake yupo ndani.

"Hayupo," mama humjibu. "Ingia tu."